Mnada wa korosho umehamia kwenye mfumo: serikali inayoongoza vizuri mageuzi ya kidijitali huanzia wapi?

Karani wa Chama, Newala

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Newala. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na mwezi ujao nimepewa nusu saa katika mkutano mkuu wa wanachama kueleza mageuzi ya kidijitali na nafasi ya mkulima ndani yake. Wengi wenu mnajua tulikotoka. Kwa miaka mingi wanunuzi walikuwa wakitumbukiza bahasha za zabuni ndani ya sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, na bei zikasomwa kwa sauti, bahasha moja baada ya nyingine. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada unaendeshwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX, ambapo mnunuzi anaweka bei yake kwa mtandao na sisi tunaiona ikijitokeza kwenye kioo.

Katika mojawapo ya minada hiyo, mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliniuliza: "Mwanangu, mfumo huu ni wa nani? Ukikosea, nimfuate nani?" Nilimjibu kwamba ni wa serikali, naye akanyamaza kwa namna iliyonijulisha kwamba sikuwa nimemjibu.

Nchi yetu ina Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034, na neno linalorudiwa kila mahali ni ushindani: kwamba teknolojia itatufanya tushindane na wengine na itakuza ubunifu wa vijana wetu. Naomba kuuliza, serikali za nchi zilizofanikiwa katika jambo hili zilianza na nini, na zilimwachia nani mengine? Je, sisi wa kusini tumeongeza uwezo wa kushindana kwa sababu ya mifumo hii, au tumebadilisha bahasha kwa kioo? Nitashukuru kwa mifano ninayoweza kuwaeleza watu wanaoijua salfa ya kupulizia mikorosho na mizani kuliko kompyuta.

Mstaafu wa Shangani

Ndugu Karani, nilifanya kazi masjala kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa majalada. Mtumishi wa masjala anajua kwamba jalada la mtu mmoja likifunguliwa mara mbili, kwa majina yanayotofautiana hata kwa herufi moja, serikali itakuwa na watu wawili pale alipo mmoja, na kuanzia hapo kila barua itakayoandikwa inaweza kwenda kwa yule asiyekuwepo. Ndiyo maana nasema serikali inayotaka kuongoza mageuzi haya inapaswa kuanza na kazi ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifanya kwa niaba yake, nayo ni kuthibitisha nani ni nani, kipi ni cha nani, na daftari lipi ndilo la kuaminiwa.

Mfano ninaoupenda ni Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, iliyorudisha uhuru wake mwaka 1991 ikiwa haina fedha za kuchezea. Mwaka 1996 ilitangaza mpango wa kupeleka kompyuta na intaneti shuleni, mwaka 2001 ikaanzisha X-Road, njia ya mifumo ya ofisi za serikali kusomana, na mwaka 2002 ikaanza kutoa vitambulisho vya kielektroniki. Angalia mpangilio huo: watu waliandaliwa kwanza, kisha njia ya ofisi kuzungumza, kisha kitambulisho ambacho kila huduma iliyofuata ilikiegemea.

X-Road mara nyingi inaelezwa vibaya, kana kwamba ni ghala moja kubwa ambamo taarifa zote za raia zimerundikwa. Haiko hivyo. Kila ofisi hubaki na daftari lake. Ofisi ya ardhi ina lake, hospitali ina lake, na mamlaka ya kodi ina lake. Ofisi moja ikihitaji taarifa iliyo kwa nyingine, huiomba kupitia njia hiyo iliyolindwa, na ombi lenyewe huacha alama isiyofutika. Sheria ya huko inakataza kuanzisha madaftari mawili ya kukusanya taarifa ileile, kwa hiyo raia haulizwi upya jambo ambalo serikali inalijua tayari, na kwa sehemu kubwa anaweza kuingia mwenyewe na kuona ni ofisi gani iliyotazama taarifa zake. Mzee wako aliyeuliza mfumo ni wa nani angepata pale jibu la kushika mkononi.

Linganisha na hali yetu ya kila msimu. Mkulima mmoja ni Mohamedi katika daftari la chama, ni Mohammed katika kitambulisho cha taifa, na ni Muhamed katika akaunti ya benki. Korosho zake zimepimwa, zimeingia ghala kuu, zimeuzwa, na fedha zimetoka, lakini malipo yanarudi kwa sababu majina hayalingani. Mnada wa kielektroniki umefanya kazi yake kwa dakika chache, na mtu bado anasubiri wiki tatu kwa ajili ya herufi moja. Kosa hilo limeanzia kwenye daftari, kabla mfumo wa mnada haujaguswa.

Siwezi kusema hatujafanya kitu. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliyoipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata hivyo sheria ya pili haijawafikia wanachama wako. Katika mkutano, waambie kwamba taarifa walizokupa wewe karani zinalindwa na sheria, na kwamba nawe una wajibu wa kuzitunza. (Najua hutapenda sehemu hiyo ya mwisho.)

Jambo moja zaidi kuhusu Estonia. Mwaka 2017 iligundulika kwamba kifaa ndani ya vitambulisho vipatavyo 760,000 kilikuwa na udhaifu wa kiusalama. Serikali ililitangaza hadharani, ikasimamisha vyeti vya kidijitali vya vitambulisho hivyo hadi virekebishwe, na wananchi wakaendelea kuvitumia baada ya hapo. Serikali inayoongoza watu kuingia kwenye mtandao lazima iwe tayari kusema "tumekosea" kabla mwingine hajaisemea.

Mwanaprogramu wa Ligula

Shikamoo mzee wangu wa Shangani. Nakubaliana nawe kuhusu daftari, lakini naona umeiacha nusu ya swali la Ndugu Karani, ile inayohusu ubunifu. Daftari zuri linaweza kuwepo na vijana wasibuni chochote, iwapo daftari hilo limefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa ofisi moja.

Kwa kuwa wasikilizaji wako, Ndugu Karani, wanaijua mizani, ningewaeleza hivi. Katika soko la korosho serikali inaweza kuwa mwenye mizani au inaweza kuwa mnunuzi. Mwenye mizani anahakikisha kwamba kilo ni kilo kwa kila mtu, kisha anawaacha wanunuzi washindane. Mwezi Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba, na kila mkulima wa Mtwara na Lindi ana kumbukumbu yake ya msimu ule na ya muda alioyasubiri malipo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya bei ya chini, sibishani na hilo. Lakini mwenye mizani alipogeuka kuwa mnunuzi, soko halikuwa na mtu mwingine wa kushindana naye. Katika teknolojia mambo yako vivyo hivyo. Serikali ikijenga kitambulisho, njia ya malipo na njia ya mifumo kusomana, imeweka mizani. Ikianza kujenga kila programu ya simu ambayo mwananchi ataitumia, imekuwa mnunuzi pekee, na kijana wa Ligula mwenye wazo lake anabaki kuwa mtazamaji.

Brazil ilifanya jambo hili kwa ujasiri. Benki Kuu yake ilizindua Pix mwezi Novemba 2020, njia ya kutuma fedha papo hapo, saa zote, siku zote, bila mtu binafsi kutozwa ada ya kutuma. Benki Kuu iliijenga njia yenyewe na kuandika kanuni, kisha ikazilazimisha taasisi zote zenye akaunti zaidi ya 500,000 kujiunga. Programu za simu anazotumia mteja zilibaki kuwa uwanja wa ushindani kati ya benki na kampuni ndogo. India ilipita njia inayofanana na hiyo kwa UPI, mfumo wake wa malipo ya papo hapo, kuanzia mwaka 2016, wakati kitambulisho chake cha taifa cha Aadhaar kilikuwa kimekwisha kusambaa.

Na sisi tuna mfano wetu ambao hatujisifii vya kutosha. Mwaka 2014 kampuni za simu za hapa zilianza kukubaliana kwamba fedha itoke mtandao mmoja iingie mwingine, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa bado zinalijadili. Benki Kuu ya Tanzania iliwaacha wazungumze, ikiwasimamia kwa karibu, na leo ina mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaoziunganisha benki na kampuni za simu. Halafu kuna namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba. Kabla yake ulikwenda benki na fomu, ukarudi ofisini na risiti, na karani akakwambia risiti haijaonekana. Hakuna aliyeiandikia shairi, lakini ndiyo huduma ya kidijitali ambayo mama yangu aliyeko Mikindani anaitumia bila kumwita mtu.

Upande wa pili, tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, ilitufundisha kwamba serikali inaweza kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Watu walirudi kubeba noti mifukoni. Mwezi Septemba mwaka huohuo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Nchi haiwezi kuhubiri uchumi usiotumia fedha taslimu na papo hapo kutoza faini kwa asiyetumia fedha taslimu.

Nimalizie na la kwangu. Nilitengeneza mfumo mdogo unaomtumia mkulima ujumbe mfupi pale mzigo wake unapopimwa: kilo, daraja na tarehe, ili kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, asipate nafasi ya kumdanganya kwamba ghala limejaa. Nilihitaji kuthibitisha uanachama kwa kusoma daftari moja la umma, bila kuchukua taarifa, nipate tu jibu la ndiyo au hapana. Niliandika barua, nikaandika nyingine, nikasafiri mara mbili. Baada ya miezi minane niliambiwa kwamba ofisi hiyo inafikiria kutengeneza mfumo wake yenyewe. Sikatai kwamba wana haki. Nasema tu kwamba nilikuwa nimeshautengeneza.

Wakala wa Forodha, Mtwara mjini

Naongeza mambo mawili mafupi, kwa sababu meli haisubiri.

La kwanza ni la karatasi. Singapore ilianzisha mfumo wa TradeNet mwaka 1989, na kibali cha mzigo kilichokuwa kikichukua siku kadhaa kikawa kinatoka kwa dakika chache. Watu wanapousimulia huanza na kompyuta. Kilichotangulia ni kwamba serikali iliziketisha pamoja idara zote zinazogusa mzigo, ikazichambua fomu nyingi zilizokuwa zikijazwa, na ikazifanya kuwa fomu moja. Kama wangezipeleka fomu zote kwenye kompyuta kama zilivyo, wangepata ucheleweshaji uleule, safari hii ukiwa na nywila. Mtu anayenunua korosho India au Vietnam anahesabu siku ambazo kontena limelala bandarini, na siku hizo anazikata katika bei anayompa mkulima wa Kitangari. Hapo ndipo ushindani unapopimwa.

La pili ni njia mbadala. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na wengi wetu tulikwama. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima na kwa majirani. Katika mwezi mmoja kusini ilijifunza kwamba barabara moja na waya mmoja ni kitu kilekile. Serikali ikihamishia mnada, forodha na malipo kwenye mtandao, gharama ya kuwa na njia ya pili inapaswa kuhesabiwa ndani ya mradi tangu siku ya kwanza.

Mhazini wa Kikundi cha Wabanguaji, Nachingwea

Nawashukuru kaka zangu, dada na mzee wetu. Nimesoma yote, na naona mnazungumza kama watu ambao alama za vidole vyao zinasomeka.

Sisi tunaobangua korosho kwa mikono tunafanya kazi na mafuta ya ganda, ambayo ni makali na hula ngozi. Tunapaka majivu au mafuta ya kupikia, wengine wanavaa glavu pale zinapopatikana, lakini baada ya misimu kadhaa ncha za vidole zinakuwa laini kama kauri. Ilipoagizwa laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, wanawake wanne katika kikundi chetu walikwenda na kurudi, na kifaa kikawakataa kila mara. Mmoja anatumia laini ya mwanawe hadi leo, maana yake ni kwamba fedha zake za simu kisheria ni za mwanawe. Dada wa Ligula ameitaja Aadhaar ya India. Mpango ule huchukua alama za vidole kumi, mboni za macho mawili na picha ya uso, ili kidole kikishindwa jicho lisaidie. Nchi yenye wabanguaji, waashi na wachimba chumvi ilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kununua vifaa.

Jambo langu jingine ni juu ya neno ushindani, ambalo naona kila mmoja amelipita kwa adabu. Mfumo wa mnada umeifanya korosho ghafi iuzwe kwa uwazi zaidi, na mimi kama mkulima nafurahi bei ikipanda. Lakini sehemu kubwa ya korosho yetu bado inapakiwa ikiwa na ganda lake, inakwenda kubanguliwa Vietnam na India, na kazi inakwenda nayo. Vietnam inanunua korosho ghafi za Afrika na ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza zilizobanguliwa. Wale wanashindana kwa mashine, umeme wa uhakika na mikopo. Nikiwa na kiwanda kidogo, mnada unaoenda kwa kasi unaniweka uso kwa uso na mnunuzi mkubwa mwenye fedha za msimu mzima mkononi, nami sina hata za wiki mbili. Sijasema mfumo ni mbaya. Nasema uwazi wa soko haunipi mtaji, na mkakati wowote wa kidijitali usiozungumza na wizara ya viwanda, benki na umeme utanifanya niione bei ya kushindwa kwangu ikiwa na rangi nzuri kwenye kioo.

Mwanaprogramu wa Ligula

Dada Mhazini, umenigusa. Katika mfumo wangu nilikuwa nimeweka uthibitisho wa kidole peke yake, na sikuwahi kumuuliza mbanguaji hata mmoja. Kuhusu mtaji, stakabadhi ya ghala, yaani hati inayothibitisha kwamba mzigo wako uko ghalani, inaweza kuwa dhamana ya mkopo, na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ipo tangu mwaka 2005. Benki ingeweza kuisoma stakabadhi moja kwa moja kutoka kwenye mfumo, ikajua mzigo upo na haujauzwa, ikamkopesha mwenye kiwanda kidogo bila kumtuma mtu ghalani. Hiyo ni kazi ambayo vijana wa Mtwara wangeweza kuifanya, mlango ukifunguliwa.

Mstaafu wa Shangani

Binti yangu wa Ligula, marahaba, na nakubali kwamba niliacha nusu ya swali. Sisi wa masjala tulifundishwa kulinda kabati, na kuna siku tulilinda hata kabati tupu. Mama Mhazini, la vidole sikuwahi kulifikiria katika miaka yangu yote ya kazi.

Karani wa Chama, Newala

Nawashukuru wote. Jana jioni, baada ya kusoma maneno ya mzee wa Shangani, nilichukua daftari la wanachama na nakala za vitambulisho walizoleta wakati wa kujiandikisha kupata pembejeo, nikaanza kulinganisha jina kwa jina. Nimefika herufi M na tayari nina kurasa nne za majina yasiyolingana. Mawili kati yake niliyaandika mimi mwenyewe.

Nusu saa yangu katika mkutano nitaigawa upya. Maelezo ya Estonia na Singapore yatachukua dakika kumi. Muda uliobaki nitaweka meza nje, mwanachama aje na kitambulisho na kadi ya benki, tuandike majina matatu kwenye mstari mmoja, na asiyesomeka vidole aandikwe katika karatasi ya pembeni ili orodha hiyo iende wilayani ikiwa na mhuri wa chama. Yule mzee nimempigia simu kumwomba awe wa kwanza. Ameniuliza kama atapewa nakala ya hiyo karatasi, nami nimemwambia kwamba atapewa, yenye saini yangu na namba yangu ya simu.